Kutu Ndani ya Gobore la Okey

Hasira ya Delphia Propst siku ile ilianzia kwenye zipu. Alimkuta mdogo wake, Ferrel, ameegesha pikapu pembeni ya kibanda cha klabu, na kwenye kiti cha abiria gobore la baba yao limelazwa ndani ya mfuko wa turubai, zipu imefungwa mpaka juu. Gobore la Okey Mullenax halikuwa na desturi ya kufungwa zipu. Miaka yote lilikuja mashindanoni ndani ya blanketi la sufu, na aliyelileta alilifunua mara tu anaposhuka, akaliegemeza ukutani watu walione, kama mama anavyofunua uso wa mtoto mchanga majirani wakija.

"Mbona umelitia kwenye gunia?" Delphia akamuuliza, salamu bado.

"Na mimi sijambo, dada," Ferrel akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Delphia akamtazama. Ferrel alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo, na koti lake limekosa kifungo. Hayo yote aliyaona, lakini yalimpita. Alichobaki nacho ni ile zipu.

Sasa, kabla hatujafika kwenye risasi, acha nikwambie kidogo Delphia ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo utadhani ni mama mkorofi tu. Alipika chakula cha mchana katika shule ya bonde letu mpaka magoti yalipomkatalia. Nusu ya watu wazima wa huku Virginia Magharibi, angalau upande wetu wa mlima, wamekula mkate wa mahindi wa mkono wake, na hakuna hata mmoja ambaye hajagombezwa naye kwa kuacha maharage kwenye sahani. Akigomba hagombi kwa sauti kubwa. Anasogea karibu, anaongea polepole, na wewe unajikuta unakula. Mumewe, Cletis, ni mtu mpole asiyependa mlio wa bunduki. Siku ya mashindano yeye hubaki nyumbani na mbwa, na watu husema haijulikani kati yao wawili nani anamtuliza mwenzake.

Baba yao Delphia, Okey, alikuwa fundi. Alitengeneza magobore kwa mkono, yale marefu ya zamani yanayoshindiliwa kwa mbele: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaweka risasi ya duara juu ya kitambaa kilichopakwa shahamu, unasukuma kwa mdeki mpaka chini, unavisha fataki, ndipo unalenga. Alitengeneza mengi akayatoa, na moja akajiwekea. Hilo lilikuwa na kitako cha mbao yenye mawimbi kama maji ya kijito, na mtutu aliouchonga michirizi ndani yeye mwenyewe, wiki nzima akivuta na kusukuma chombo chake cha kuchongea, huku mkewe akimlalamikia kwamba jikoni kumejaa chembe za chuma.

Alimfundisha Delphia kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha Ferrel. Lakini kabla ya kulenga aliwafundisha kuosha. Baruti nyeusi ikishaungua huacha masizi yenye chumvi, na masizi hayo yakilala ndani ya chuma yanakula. Basi nyumbani kwa Okey hapakuwa na mtu aliyekaa mezani, hata awe na njaa ya kuona nyota, kabla mtutu haujaoshwa kwa maji ya moto, ukakaushwa, ukapakwa mafuta. Mara moja mchungaji alialikwa kula kulungu, na chakula kikapoa kikimsubiri Ferrel amalize kuosha. Mchungaji akajaribu kusema kidogo juu ya mgeni na njaa. Okey akamwambia ibada ina utaratibu wake na bunduki ina wa kwake.

Alipokuwa mgonjwa wa mwisho aliwaita wote wawili. Gobore lisiuzwe, akasema, wala wasiligombanie kama watu wasio na akili. Litakaa kwa yule atakayekuwa na uzi mfupi zaidi katika mashindano ya Januari, mwaka kwa mwaka. Na yule anayekaa nalo ashindane kwa hilohilo, asije na jingine, ili kila mtu aone limetunzwaje.

Huo uzi ni desturi yetu. Kila mpigaji huleta ubao wake mwenyewe, ameuchoma moto upande mmoja ukawa mweusi, na katikati amebandika kikaratasi cheupe. Risasi tano zikishapigwa, mzee wetu wa uwanja, Dorsey Vandevender, huchukua uzi, akapima kutoka katikati ya kikaratasi mpaka tundu la kwanza, akashika hapo kwa kidole, akaendelea na tundu la pili, hivyo hivyo mpaka yote yaungane katika uzi mmoja. Mwenye uzi mfupi ndiye mshindi. Risasi isiyogusa ubao inahesabiwa upana mzima wa ubao, na hiyo ndiyo inayoua watu.

Kwa hiyo gobore limekuwa likivuka mlima, mwaka huu kwa Delphia, mwaka ule kwa Ferrel, na hakuna aliyelalamika. Mwaka uliopita Ferrel alishinda. Wiki ileile mkewe, Retha, akafa. Delphia alipika, akakaa na wafiwa, akamwacha ndugu yake apumue. Lakini majira ya kuchipua alipokwenda kumwona na kuomba alione gobore, Ferrel alisema leo si siku nzuri. Alipokwenda tena wakati wa matofaa, Ferrel alikutana naye uani, akamwambia ameliweka mahali salama, wala hakumkaribisha ndani. Delphia alirudi nyumbani akagombana na Cletis, ambaye hakuwa amefanya lolote.

Ndiyo maana zipu ile ilimuuma.

Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, theluji imekauka, inalia chini ya viatu. Watu walikuwa wamepanga vyombo vyao kwenye meza ndefu ya mbao: pembe za baruti zilizosuguliwa mpaka mwanga unapenya, mikoba ya ngozi iliyoiva kwa jasho, vipimo vya shaba na vya mfupa, visu vya kukatia kitambaa, vikopo vya shahamu iliyoganda kiasi kwamba ilibidi kuiweka kwapani kwanza. Wilda Sponaugle, rafiki wa Delphia, alikuwa na sindano ya kufumia anayozibulia tundu la fataki, na kila mfukoni mwa koti lake kulikuwa na kiazi kilichookwa. Viazi hivyo huvishika kupasha vidole, kisha mchana huvila. Dorsey alikuwa amevaa suruali ya ngozi ya kulungu aliyoishona mwenyewe, na kama kila mwaka watu walimwuliza kama kulungu mwenyewe aliipenda.

Ferrel alipofungua zipu hatimaye, alifanya hivyo akiwa amewageuzia watu mgongo. Kwa nje gobore lilikuwa safi. Shaba inang'aa, kitako kimepakwa mafuta. Delphia alisogea, akanyoosha mkono. Ferrel akalihamishia bega la pili.

"Utalishika ukilishinda," akasema.

"Nataka kuchungulia mtutu tu."

"Dada, nenda kwenye mstari."

Basi wakaenda kwenye mstari. Delphia alipiga kwa gobore lake mwenyewe, fupi na zito, ambalo baba yake alimtengenezea alipoolewa. Risasi yake ya kwanza iligusa ukingo wa karatasi. Ya pili ikalala kando yake. Wilda akasema kwa sauti kwamba kuna watu wanapaswa kupigwa marufuku kuja na miwani mpya. Ferrel, watu watatu mbele, alikuwa anapata shida. Risasi yake moja ilikwenda juu kushoto, nyingine chini kulia, kama mtu anayemwaga mbegu. Ferrel Mullenax hakuwa mpigaji wa hivyo. Delphia alimsikia pia anaposhindilia. Mdeki unapaswa kushuka kwa sauti moja laini, kama mtu anayevuta pumzi. Wa Ferrel ulishuka kwa kukwama, ukaachia, ukakwama tena, mpaka akalazimika kuugonga kwa kiganja.

Dorsey akapiga kelele ya kusimamisha, bunduki zote zikawekwa mezani, watu wakaenda mbele kutazama mbao zao. Ni wakati huo Delphia alipoona vitambaa.

Kitambaa kinachovishwa risasi hutoka mdomoni pamoja nayo, kikaanguka hatua chache mbele. Kila mtu ana chake. Wilda hukata fulana za mumewe, Ferrel hukata kitambaa cha godoro cha mistari ya bluu, kama baba yao. Juu ya theluji vinaonekana kama maua yaliyopukutika, na anayejua huvisoma. Kitambaa kizuri kinatoka kizima, cheusi katikati, kingo zikiwa na michirizi sawasawa. Delphia akainama, magoti yakimlaumu, akaokota cha mistari ya bluu. Kilikuwa kimechanwa. Akaokota kingine. Nacho kimekatwakatwa, nyuzi zinaning'inia, na kwenye zile nyuzi kulikuwa na rangi. Akavua glavu, akausugua uzi kwa kidole gumba. Kidole kikabaki na wekundu wa kahawia.

Nafikiri hata wewe ungeelewa. Hakuna kitu ndani ya mtutu kinachochana kitambaa namna ile isipokuwa mashimo ya kutu, na mashimo ya kutu hayaji kwa siku moja. Gobore lilikuwa limewekwa chafu. Nje likasuguliwa, ndani likaachwa lioze.

Delphia aliinuka. Alivishika vile vitambaa mkononi akarudi mezani, na Wilda, aliyekuwa anamwambia jambo la kuchekesha juu ya suruali ya Dorsey, akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa anamfahamu Delphia tangu utotoni.

Risasi ya tatu na ya nne Delphia alizipiga kwa hasira iliyokuwa bado baridi, na hasira ya baridi ilimfaa. Zilikaa vizuri. Akajua kwamba ameshinda. Kwa yale matundu ya Ferrel, alihitaji tu kuugusa ubao, popote, gobore lirudi nyumbani kwake leo, na alikwisha kuanza kupiga hesabu ya fundi gani aliyebaki milimani anayeweza kuchonga michirizi upya bila kuiharibu kazi ya baba.

Angenyamaza hapo, tusingekuwa na cha kusimulia. Lakini kila mtu alipoanza kushindilia risasi ya tano, alimwendea Ferrel, pembe yake mkononi, na kuviweka vile vitambaa mezani mbele yake.

"Hiki ni nini?"

Ferrel akavitazama. "Vitambaa."

"Umeliweka chafu."

"Rudi ushindilie, Delphia. Muda unakwenda."

"Mwaka mzima ukinizuia mlangoni. Nikadhani una huzuni, nikakuheshimu. Kumbe unaficha kutu."

Watu wakajifanya hawasikii, na ndiyo namna yetu ya kusikiliza. Ferrel alikuwa mwekundu shingoni. Akasema si mahali pake hapa. Delphia akamwuliza mahali pake ni wapi, nyumbani kwake ambako hakaribishwi? Akamwambia kwamba baba angemfukuza mezani. Akamwambia mengine ambayo sitayaandika, maana wote wawili bado wako hai na huku watu wanasoma. Kisha akarudi kwenye nafasi yake, akaweka kitambaa, akaweka risasi, akashindilia kwa nguvu ambazo zingetosha kuchimba kisima. Akavisha fataki. Akalenga. Akafyatua.

Fataki ikalia peke yake. Tap.

Akavisha nyingine. Tap.

Wilda akaitazama ile pembe ya baruti, ambayo Delphia alikuwa ameiacha kwenye meza ya Ferrel, kizibo chake kikiwa bado kimekaza.

Hakuna kosa jingine linalofanana na hilo kwetu. Umeshindilia risasi bila baruti. Sasa risasi imekaa chini kabisa ya mtutu, imebana kama kizibo cha chupa, na hakuna cha kuitoa. Kila mmoja wetu amewahi kulifanya, na kila mmoja anajifanya hakuwahi. Na klabu yetu ina sheria: mwenye kosa hilo haruhusiwi kunong'ona. Kwenye nguzo kuna kengele ya ng'ombe, na lazima aiendee yeye mwenyewe, mbele ya watu, aipige.

Delphia aliipiga. Mlio wake ulikwenda mpaka ng'ambo ya bonde.

"Mama Propst," mtu akaita kutoka mwisho wa mstari, "unatuulia kulungu kwa mate?"

"Mwacheni," Dorsey akasema, "anahifadhi mazingira."

Wakacheka, kicheko cha kirafiki, na siku nyingine angecheka nao. Alirudi mezani akatoa skrubu ya kuchomolea. Ni kipande kidogo cha chuma chenye ncha ya kuzunguka, unakifunga kwenye mwisho wa mdeki, unakizungusha mpaka kiingie ndani ya ile risasi laini, kisha unavuta. Lakini skrubu ya Delphia ilikuwa kuukuu, ncha imelika. Ilizunguka, ikashika, akavuta, ikaachia ikatoka na vumbi la risasi tu. Akarudia. Ikatoka tupu. Wilda akampa ya kwake, lakini haikuingia kwenye mdeki wa Delphia. Dorsey, bila furaha, akatangaza kwamba muda unakaribia kwisha.

Ferrel alikuwa ameshamaliza risasi yake. Alikuja polepole, kitu kidogo cha shaba kwenye kiganja. Ilikuwa skrubu ya baba yao, ambayo husafiri na gobore lake, na mideki yote miwili ilitengenezwa kwa ajili yake.

"Chukua hii," akasema. "Itatoka mara moja."

Hebu fikiria. Kile kitu kilikuwa pale, mbele yake. Mizunguko michache, mvuto mmoja, baruti, risasi, ubao popote unapougusa, na gobore lingeokoka.

"Sichukui kitu kutoka mkono huo," Delphia akasema.

"Dada."

"Ondoa."

Ferrel akaukunja mkono wake. Delphia akafungua kijibomba cha kuvishia fataki kwa ufunguo wake, akapenyeza kwenye tundu lake baruti kidogo kidogo kwa ncha ya sindano ya Wilda, punje chache tu, ndizo zilizoweza kuingia. Ni njia ya kuitoa risasi, lakini si njia ya kuipeleka popote. Akafunga, akavisha fataki, akafyatua. Gobore likakohoa. Risasi ikatoka taratibu, kila mtu akaiona kwa macho, ikaanguka kwenye theluji kabla hata ya kufika nusu ya njia.

Hapo hakucheka mtu.

Dorsey akapima. Alipima mara mbili kwa sababu alitamani jibu jingine. Uzi wa Delphia, pamoja na ule upana mzima wa ubao, ulizidi wa Ferrel kwa urefu wa kidole cha mtoto. Akaziweka nyuzi zote mbili juu ya meza watu waone, akasema gobore la Okey linabaki na Ferrel Mullenax mpaka Januari ijayo, na akaingia ndani haraka kuchochea jiko.

Ferrel alishika ule mfuko wa turubai. Delphia akasimama kati yake na mlango.

"Nipe."

"Umeshindwa, dada. Wote wameona."

"Nimeshindwa kulichukua. Kuliosha sijashindwa. Halitoki hapa hivyo, labda unipige nalo kichwani kwanza."

Alilichukua kutoka mikononi mwake, na Ferrel akaliachia. Ndani, maharage yalikuwa yanachemka kwenye jiko la kuni na birika kubwa la kahawa limeshawekwa. Delphia akaimwaga kahawa yote nje ya mlango. Watu waliokuwa na vikombe mkononi wakavirudisha mezani. Akajaza maji, akayangoja yachemke amesimama, kisha akaondoa kijibomba cha fataki, akaweka beseni chini, akaanza kumimina kwenye mdomo wa mtutu kwa faneli.

Maji ya kwanza yalitoka meusi na harufu ya mayai yaliyooza, kama kawaida. Ya pili yalitoka rangi ya chai. Ya tatu yakatoka mekundu, mazito, na yakaendelea kuwa mekundu. Akapitisha tambara, tambara likarudi limechanika. Wilda alijifanya anatafuta chumvi. Mmoja mmoja watu wakabeba sahani zao wakaenda kula kwenye magari, wakabaki ndugu wawili na beseni.

"Hebu niambie," Delphia akasema bila kuinua kichwa. "Mtoto wa Okey Mullenax. Mwaka mzima ulikuwa na jambo gani kubwa hata ukashindwa kuchemsha maji?"

Ferrel alikaa kwenye benchi. Akasema kwamba siku ile ya mashindano ya mwaka jana alifika nyumbani kwa furaha, akalitundika gobore juu ya mlango kwa dakika moja tu, aende jikoni kumwambia Retha ameshinda na kuweka maji motoni. Retha alikuwa sakafuni. Birika lilikuwa limekwisha kuwekwa, lilikauka mpaka likaanza kuungua. Baada ya hapo hakuweza kuligusa gobore, wala hakuweza kuliangalia. Alilisugua kwa nje wiki iliyopita, kwa sababu ya kuja hapa.

Delphia aliacha kumimina. Kisha hasira ikarudi, maana ilikuwa bado na nguvu na haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Ungeniita. Nipo ng'ambo ya mlima tu. Ningekuja usiku uleule nikaliosha mimi."

"Ulikuja," Ferrel akasema. Sasa naye sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ulikuja asubuhi na sufuria. Retha hajazikwa. Ukaingia, ukaangalia juu ya mlango, na neno lako la kwanza, Delphia, ulilolisema kabla hujanishika hata mkono, uliniuliza kama nimeliosha. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nikasema ndiyo, na baada ya kusema ndiyo sikuweza tena kukufungulia mlango."

Nje mtu alikuwa anacheka garini. Delphia alisimama na birika mkononi, na akajaribu kukumbuka asubuhi ile. Alikumbuka sufuria. Alikumbuka jinsi ilivyomchoma kupitia glavu. Alikumbuka macho yake yakipanda juu ya mlango, kama yalivyopanda maisha yake yote kila alipoingia nyumba yenye gobore hilo. Maneno hayo hakuyakumbuka. Lakini alijifahamu vya kutosha kujua kwamba aliyasema.

"Ulikuwa na haki ya kunitukana," akasema.

"Nilikuwa nimechoka."

"Ningekutukana mimi."

"Najua."

Akarudi kumimina. Alimimina kwa ukali, maji yakaruka yakamchoma Ferrel kwenye goti, naye akalivuta goti bila kulalamika. Sijui kama hasira ile ilimlenga Ferrel, au yeye mwenyewe, au yule mwanamke aliyeingia na sufuria. Nadhani hata yeye hakujua. Ferrel akanyanyuka, akashika mtutu usiyumbe. Wakaosha hivyo mpaka maji yakaanza kupauka. Hayakuwa safi kabisa. Mashimo yalikuwa pale, na yatabaki pale mpaka apatikane mtu wa kuchonga upya, na huenda akapatikana, na huenda kazi ya Okey isirudi ilivyokuwa.

"Lichukue," Ferrel akasema. "Utalitunza vizuri zaidi yangu."

"Umelishinda wewe."

"Sheria ya baba ilikuwa ya kutuzuia tusigombane."

"Basi haijafanya kazi. Lichukue, na usilitie kwenye gunia hilo." Akavua shali yake ya sufu, akalivingirisha gobore kwa shali, akalisukuma kifuani mwa Ferrel. "Nitakuja Jumapili."

"Kuliangalia?"

Lilikuwa swali la haki, na Delphia alilichukia.

"Kukuangalia wewe, mjinga wewe. Nikiwa huko nitalipaka mafuta."

Ferrel akatikisa kichwa. Akasema Jumapili hatakuwa nyumbani asubuhi. Jumapili asubuhi huenda kukaa kaburini kwa Retha, mpaka saa ya chakula, na kule juu kwenye makaburi hakuna mahali pa kujikinga na upepo, si pa mtu mwenye magoti kama ya dada yake.

"Kuna baridi sana, dada."

"Nina koti," Delphia akasema, kwa sauti ya mtu anayegombana.